Nilivyonunua Kamera kwa Ajili ya Mama

Akina mama wenzangu, wengi wenu mnaijua hali ya kukaa na mzee ndani ya nyumba. Mama yangu mzazi ana miaka 83, nami ni kitinda mimba wake. Tangu baba alipofariki tunaishi naye hapa Chemchem, katika chumba cha uani kinachotazama mwembe. Asubuhi humpelekea chai kabla sijaenda kazini, na jioni nikirudi humkuta mlangoni pake akichambua mchicha. Siku moja mwaka jana alinipokea kikapu, akaniita kwa jina la dada yangu ambaye tulimzika miaka mingi iliyopita. Nilicheka, nikamrekebisha. Wiki ile ile aliniita hivyo mara tatu tena.

Mimi ni muuguzi. Nimewapokea wazee wengi walioletwa na watoto wao kwa shida hiyo, na maneno ya kuwaambia wale watoto nayajua. Kumbe kuyasema ni rahisi kuliko kuambiwa. Tulimpima presha na sukari, tukampeleka kwa daktari, na jibu likawa lile nililolitazamia: ugonjwa wa kusahau umeanza, utakwenda polepole, na hakuna dawa ya kuurudisha nyuma.

Sasa mama huyu ndiye ghala la habari za ukoo wetu. Babu yake alikuwa mpagazi katika misafara ya kwenda pwani, zamani zile kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912. Alibeba pembe za ndovu begani mpaka Bagamoyo na kurudi. Hapa kwetu watu wanapenda sana kuwapeleka wageni Kwihara kuona tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Ni wachache wanaowaambia kwamba mzee yule alikaa pale miezi kadhaa akiwasubiri wapagazi, maana bila wao asingeweza kusogea. Majina ya wapagazi wengi hayakuandikwa popote. Jina la huyu mmoja wetu liko kichwani mwa mama, na safari yake, na nyimbo walizoimba njiani. Mimi hadithi hiyo nimeisikia tangu utoto, lakini nimeisikia nikikoroga ugali, kwa sikio moja.

Basi Jumapili moja baada ya ibada nilimkalisha mama chini ya mwembe, nikashika simu yangu, nikamwomba asimulie. Alisimulia dakika 20. Usiku nilipoifungua ile video nilisikia upepo, kuku na bodaboda zinazopita, na sauti ya mama kwa mbali kama mtu anayeongea akiwa ndani ya mtungi. Nikajaribu tena jioni, ndani ya chumba chake. Sauti ikawa afadhali, lakini uso wake ulikuwa kiza kilichojaa chengachenga, na katikati ya maneno simu ikagoma kwa kuwa imejaa.

Binti yangu alinishauri ninunue maikrofoni ya simu tu, basi. Ushauri wake haukuwa mbaya, na mama asiye na fedha namwambia aanzie hapo. Lakini mimi pia ndiye ninayepiga picha za idara ya akina mama kanisani kwetu. Siku ya akina mama, ubatizo, kipaimara, harusi, wote hunitazama mimi na simu yangu. Kanisa letu lina madirisha madogo, na picha zangu zilikuwa zinatoka kama zimepigwa usiku. Nikaanza kuwaza kamera yenyewe, ile ya kubadilisha lenzi.

Mwezi wa Desemba kikoba chetu kiligawana, nikapata shilingi milioni moja na laki mbili. Fedha hiyo tulikuwa tumeshaipangia bati za jiko, maana za zamani zimeoza. Nilipomweleza mume wangu alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Mama watoto, hiyo simu yako haipigi picha?" Sikubishana naye. Nilimwekea ile video ya chini ya mwembe. Akainamisha sikio, akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Baadaye akauliza, "Hapa mama anasema nini?" Nikamjibu kwamba hata mimi sijui. Alikaa na simu ile mkononi muda mrefu. Asubuhi yake akasema bati zitasubiri mavuno, ila kamera hiyo isije ikakaa kabatini.

Wanaokumbuka enzi za filamu wanajua jinsi tulivyohesabu. Filamu ilikuwa na picha 36, na kila moja ulilipia kuisafisha, kwa hiyo mtu alivaa vizuri na kutulia kabla ya kupigwa. Mama ana picha moja tu ya ujana wake, ya studio, amesimama kando ya meza yenye maua ya plastiki. Nilimwendea mpiga picha mmoja wa zamani hapa mjini, mzee anayetuheshimu sisi wauguzi, nikamwomba anifundishe kabla sijatoa senti. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Unataka kupiga nini, na wapi?" Nikamwambia: bibi kizee anayeongea taratibu, ndani ya chumba chenye dirisha moja. Akasema basi tafuta vitu viwili, mwanga na sauti, na megapikseli waachie vijana.

Nilikuwa nadhani kamera ndiyo kila kitu. Kumbe mwili wa kamera ni nusu tu ya habari, na lenzi ndiyo jicho. Lenzi inayokuja na kamera, ile ya milimita 18 hadi 55, inafaa kwa mambo mengi, ila ukivuta mbele kabisa tundu lake hubaki f/5.6. Namba hiyo ikiwa ndogo, tundu linakuwa kubwa. Ipo lenzi nyingine ndogo, ya milimita 50, yenye tundu la f/1.8, na ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kuliko zote. Yule mzee alinipigia hesabu kwenye karatasi: lenzi hiyo inaingiza mwanga karibu mara kumi ya ile nyingine ilipovutwa mwisho. Katika chumba cha mama, hiyo ndiyo tofauti ya kuona macho yake na kutoyaona.

Hata hivyo nusura nikosee. Katika duka moja nilionyeshwa kamera mpya kabisa ndani ya boksi, na begi lake, na lenzi mbili. Muuzaji akaisifia kwa megapikseli 24. Mkono wangu ulikuwa umeshaingia kwenye pochi nilipokumbuka neno sauti. Nikauliza, "Tundu la maikrofoni liko wapi?" Akaizungusha kamera, akafungua vifuniko vyote vya mpira, hakuliona. Kweli halikuwepo. Nikamshukuru nikatoka.

Dada zangu, hilo swali msilisahau. Kamera nyingi za kuanzia hazina tundu la maikrofoni la milimita 3.5, na hakuna atakayekuambia usipouliza. Canon 2000D na 4000D za mwaka 2018 hazina. Nikon D3500 ya mwaka huo huo haina. Sony a6000 ya mwaka 2014, ambayo kwa picha za mnato ni nzuri sana na mitumba yake ni mingi, nayo haina. Kwa mtu anayetaka picha tu, zote hizo zitamfaa. Isipokuwa hiyo 4000D, ambayo hata pete ya kushikia lenzi ni ya plastiki, mimi nisingeinunua.

Kwa upande mwingine kuna kamera mpya zisizo na kioo ndani, ambazo ni nyepesi na zinajua kufuata uso wa mtu. Sony ZV-E10 ya mwaka 2021, Nikon Z30 ya mwaka 2022 na Canon R50 ya mwaka 2023 zote zina tundu la maikrofoni, skrini inayogeuka, na video ya 4K. Mbili za mwanzo hazina kidirisha cha kuchungulia, na juani kwetu Tabora kuitazama skrini mchana ni kazi. Kama mfuko ungeruhusu ningechukua hiyo R50. Haukuruhusu. Canon M50 nayo ilinivutia kwa bei ya mtumba, mpaka nilipoelezwa kwamba kampuni imeachana na lenzi za aina hiyo. Ukinunua kamera umeingia katika ukoo wa lenzi zake, na ni vizuri kuingia ukoo ambao bado watu wanazaliwa.

Mwisho niliangukia Canon 200D ya mwaka 2017, iliyotumika. Ni kamera yenye kioo, ya mtindo wa zamani, na haipigi video ya 4K. Lakini ina tundu la maikrofoni, skrini yake inageuka mpaka inamtazama anayepigwa, na katika video inamfuata mtu bila kuhangaika, jambo ambalo ndugu zake wakubwa kama 600D hawaliwezi kabisa. Lenzi zake za mtumba zimejaa Kariakoo. Video ya kawaida, ile ya 1080, inatosha kwa runinga yetu na kwa wajukuu watakaokuja.

Mdogo wa mume wangu anaishi Dar es Salaam, nikamtuma. Nilimwandikia maagizo kwenye simu kama ninavyomwandikia muuguzi wa zamu ya usiku, na yeye akayafuata hatua kwa hatua. Aichomoe lenzi aimulike kwa tochi: akiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, huo ni ukungu, aiache, maana unyevu wa pwani huuotesha na ukishika kioo hautoki kirahisi. Apige picha ukuta mweupe, tundu likiwa dogo la f/22, kisha aikuze: madoa meusi yasiyohama ni uchafu juu ya kihisi. Akunjue skrini na kuikunja, abonyeze kila kitufe, awashe flashi. Arekodi video ya dakika kumi, aicheze, aisikilize. Na asimtumie muuzaji fedha kabla hajaishika kamera mkononi. Kamera ya kwanza ilikuwa na ukungu. Ya pili skrini ilikuwa imelegea. Ya tatu akainunua, pamoja na lenzi ya 18 hadi 55, kwa laki tisa. Bei hizi hupanda na kushuka, msinishike kwa hiyo. Chenji ikaenda kwenye betri ya pili, kwa sababu umeme hukatika bila kubisha hodi, kadi ya kumbukumbu, stendi ya miguu mitatu, na maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo. Lenzi ya milimita 50 niliinunua miezi miwili baadaye, kwa posho.

Sasa niwaambie niliyoyakosea.

Ile maikrofoni niliyonunua ilikuwa ya simu. Pini ya simu ina mistari mitatu myeusi, ya kamera ina miwili, na nilipoichomeka nilipata mngurumo peke yake. Ilibidi ninunue kiunganishi kidogo. Halafu taa ya tyubu chumbani kwa mama ikawa inacheza katika video, mistari inapanda na kushuka. Dawa yake iko ndani ya kamera yenyewe: umeme wetu ni wa hertz 50, kwa hiyo nikabadili mfumo wa video kuwa PAL, picha 25 kwa sekunde, na shata nikaiweka 1/50. Mistari ikaisha. Na lenzi yangu ya milimita 50 niliyoitamani sana, kwenye kamera hii inaona eneo dogo, kama lenzi ya milimita 80 ingeona kwenye kamera kubwa. Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta na bado nilipata kichwa na mabega tu. Siku nyingine nilisimama nje, kamera ikiwa mlangoni. Mwenye chumba kidogo kama changu aitafute ile nyembamba ya milimita 24, f/2.8.

Hayo yote yalirekebishika. Lililoniuma ni jingine. Jumamosi moja mama aliamka akiwa mzima kabisa, ananiita kwa jina langu, anauliza habari za watoto mmoja mmoja. Nikamvisha kitenge chake cha kanisani, nikambana maikrofoni kifuani, nikamweleza tena kwamba maneno haya ni ya wajukuu na kama hataki niyarekodi aniambie. Akasema, "Washa." Nikakaa karibu na goti lake, si nyuma ya kamera, ili aongee na mimi. Aliongea karibu saa nzima. Akalitaja jina la babu yake na la baba wa babu yake. Alieleza jinsi walivyoanza safari, mizigo ilivyofungwa, namna walivyolala. Akaimba. Kisha akaingia habari za bibi yake, nami nikashika mkono wake nikilia kidogo.

Jioni nilipoiangalia, video ilikuwa dakika 29 na sekunde 59. Kamera hizi hujizima zenyewe zikifika hapo. Lazima ubonyeze tena. Kadi ilikuwa na nafasi tele, maana dakika 30 hula kama GB 6 au 7 tu, na betri ilikuwa nzima. Ni mimi sikujua, na nilikuwa nimeipa kamera kisogo. Habari za bibi yote haikuingia hata neno. Na mimi niliyekuwa nalia nilikumbuka kilio changu kuliko maneno yake.

Kesho yake nilimwuliza. Akaniangalia kwa upole, akasema, "Bibi yupi, mwanangu?" Nikamwuliza wiki iliyofuata, na nyingine. Alinisimulia habari za mbuzi aliyepotea, za mafundisho ya ubatizo wake, za bei ya chumvi. Nilirekodi yote, nikiwa nimeweka saa ya simu inilie kila dakika 25.

Masika yalitukuta na jiko linavuja. Nilipikia chini ya turubai na sufuria ya kukinga maji kando yangu, na mume wangu hakusema neno, ingawa siku moja nilimwona anayatazama yale matone halafu anautazama mlango wa chumba kilicho na kamera. Nimeanza kulipwa kidogo kwa picha za harusi na kipaimara. Bati nne zimeshapatikana. Kazini kamera haifiki. Mama mmoja wa kanisani aliniomba nimpige mjukuu wake mchanga wodini, nikamwambia nitakuja nyumbani siku ya arobaini. Mgonjwa kitandani hana nguvu ya kukataa, na tangu mwaka 2022 nchi yetu ina sheria ya kulinda taarifa binafsi za watu, ingawa kwa muuguzi katazo hilo ni la zamani kuliko sheria.

Mwezi uliopita binti yangu alirudi likizo na kompyuta yake. Tulimkalisha mama kati yetu tukamwekea ile video ya kitenge. Alijitazama muda mrefu. Akauliza, "Huyu bibi ni wa wapi? Anaongea vizuri." Binti yangu akataka kumwambia, nikamgusa mguu. Mama akaendelea kusikiliza, anatikisa kichwa kama anavyofanya kanisani mhubiri akisema jambo analokubaliana nalo. Video ilipofika mwisho na kukatika alikunja uso.

"Mbona amenyamaza? Hajasema kwamba bibi naye alikwenda."

"Alikwenda wapi, mama?"

"Pwani! Unadhani nani aliwapikia njia nzima? Alitembea naye mpaka Bagamoyo, chungu kichwani, na baba yangu mgongoni bado hajaacha ziwa."

Binti yangu alikuwa ameshanyanyuka kwenda chumbani kuichukua kamera. Mimi nilibaki nimemshika mama mkono, nikamwomba aanze tena pole pole, tangu walipotoka nyumbani.